Mama Shefu na Parsele ya Maji

Ukitaka kumwona Mama Shefu akikasirika kweli, fagia uwanja wako asubuhi ya mafuriko kabla hajapita. Fagia tu. Mimi nilifanya hivyo nikiwa mwali mpya kwenye aveni yetu, yaani mtaa wetu, nikitaka mama mkwe aone kwamba mwanawe hakuleta mvivu. Nilikuwa nimeinama na ufagio, tope hadi magotini, niliposikia sauti kutoka juu ya mteremko: “Weye mama! Weye mwenye kufagia! Nani alikutuma kufuta alama ya maji?” Nikainua kichwa. Mwanamke mnene, buti za mpira miguuni, kitenge kimekunjwa hadi kiunoni, anashuka mbio huku ananinyooshea kidole. Nikadhani ana wazimu. Mama mkwe alinivuta mkono, akaninyang'anya ufagio na kuutupa nyuma ya nyumba.

Mwanamke huyo alikuwa shefu wa aveni yetu hapa Mudzipela, upande ule barabara inapokwisha na bonde kuanza. Shefu wa aveni, kwa asiyejua, ndiye mtu wa chini kabisa wa serikali. Juu yake kuna shefu wa kartye, juu ya huyo komini, juu ya komini mji mzima wa Bunia. Hana mshahara, hana gari, hana askari. Ana kashe, yaani muhuri, na ana mdomo. Wenzake wengi hutumia kashe. Yeye alitumia mdomo.

Jina lake silitaji. Wote tulimwita Mama Shefu, hata waliomchukia, hata baada ya kunyang'anywa kazi. Na maneno yake nayaandika vile alivyoyatoa, Kiswahili chetu cha huku. Asiyekipenda aende akamkosoe mwenyewe, tuone atarudi na uso gani.

Kijito chenyewe ni kidogo. Kiangazi mbuzi anakiruka. Siye tunakiita mutoni, basi. Lakini mvua ikikaza, maji ya kartye nzima, ya mabati na barabara na vichochoro, yanashuka kwetu, na mutoni inatanuka mpaka inakuwa pana kama uwanja wa mpira. Ule utambarare ambao maji yanaulalia siku chache kisha yanaondoka, watu wa ofisi wana jina lake refu la Kifaransa. Mama Shefu aliuita parsele ya maji. Kila mtu hapa anajua parsele ni nini: ni kiwanja chako, umepimiwa, mtu hawezi kuamka asubuhi akajenga ndani yake. “Basi maji nayo iko na parsele yake,” alisema. “Juu ya nini munashangaa?”

Nyumba yake ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa chini, ukingoni mwa parsele hiyo, na yangu inafuata, juu kidogo. Parsele ikibaki wazi, tunalala. Ikizibwa, maji yanakuja kwake, kisha kwangu, kisha kwa wengine wote. Ugomvi wake wote na dunia, na ulikuwa mwingi, ulikuwa ni huo: iwe wazi.

Sheria zake zilikuwa chache. Asubuhi baada ya mafuriko kila nyumba inatoa mtu mzima, anashuka, anasimama pale takataka za maji zilipokomea: majani, chupa, makapi ya muhogo. Tunaita kusimamia maji. Ndiyo maana hufagii. Mama Shefu anapita kuanzia juu, anaangalia miguu yako wala si uso wako, na pale ulipokanyaga unachomeka kijiti cha tete. Vijiti vikishapangana, huo ndio mustari. Ndani ya mustari unapanda mboga ya lenga-lenga, unapanda miwa, unakata majani ya mbuzi. Hujengi. Huchimbi choo, maana choo kikifurika tunakunywa wote. Na zaidi ya yote, hujazi udongo ili upate kiwanja cha juu. “Ukijaza kwako,” alisema, “haukufukuza maji. Umeituma kwa jirani.” Halafu sheria iliyowauma watu kuliko zote: mustari unapanda tu, haushuki. Maji yakifika mahali mara moja, hata yasiporudi miaka na miaka, mahali pale ni pao. “Ilisha kufika, inajua njia.” Aliyekuwa na banda au jiko ndani ya mustari mpya, alibomoa. Wapo waliobomoa huku wakimtukana, naye aliwajibu tusi kwa tusi, na kisha akawasaidia kubeba mbao.

Watu walijaribu kumdanganya, ee, usifikiri tulikuwa malaika. Kuna jirani mmoja, fundi wa pikipiki, ambaye kila mafuriko alisimama hatua kadhaa chini ya takataka, anapiga miluzi, anatazama mawingu. Ubaya wa kusimamia maji ni kwamba ng'ambo ya pili nao wamesimama, na wanakuona. “Papa, panda! Panda tena! Makapi iko nyuma yako!” Bonde zima linacheka. Siku hizi tuna kikundi cha WhatsApp cha aveni, na vijana fulani waliona afadhali wapige picha za tope na kumtumia, wao wabaki na chai yao. Aliwajibu kwa sauti, si kwa maandishi, na ile sauti ilichezwa katika kila nyumba: “Simu haina miguu. Shuka.”

Sasa usije ukamfanya mtakatifu. Mbuzi wake walikuwa wezi. Yeye aliyejua mpaka wa kila mtu, mbuzi wake hawakujua wa yeyote. Walikula maharage yangu, walikula kola ya shati la mteja lililokuwa limening'inia barazani, maana mimi ninashona. Nikamwendea na ushahidi mkononi. Aliigeuza ile kola, akainusa, akanirudishia. “Hii si meno ya mbuzi yangu,” akasema, bila kupepesa macho. Mbuzi mwenyewe yuko nyuma yake anatafuna uzi wangu wa bluu! Nilirudi nyumbani kwa hasira, na jioni mwanamke yuleyule akanitumia bakuli la maziwa bila neno la maelezo. Hakuwahi kuomba msamaha kwa kitu chochote, kwa mtu yeyote, miaka yote niliyomjua.

Alisinzia misani. Alipenda kachumbari yenye pilipili hadi kutokwa na machozi, na akiwa analia hivyo alikuwa anakugombeza bado. Mvua ikianza alizima redio ili aisikie vizuri kwenye bati, na ukimsemesha wakati huo anakuwekea kiganja usoni. Alijua ni mvua ya kupita au ni ya kushuka mutoni, ingawa mara nyingi alikosea, na akikosea alisema mvua ndiyo imebadilisha shauri.

Watu walisema ana moyo mgumu, na siku moja hata mimi nilisema hivyo, tena kwa sauti. Ni wakati wale wa Djugu walipokuwa wanaingia mjini kwa wingi, wamekimbia vita, wengine kwa miguu, godoro kichwani, kuku kwapani. Mji ulijaa. Mama mmoja wa umri wa Mama Shefu, aliyefika na watoto na nguo za mwilini, aliona bonde letu liko tupu, akaona ni bahati. Akakata miti, akachomeka, akaanza kufunga kamba ili aweke bashi, yaani turubai. Mama Shefu alishuka akaing'oa ile miti, mmoja baada ya mwingine, mbele ya watoto.

Aveni yote ilitoka. Nilipiga kelele kuliko wengine. “Mama Shefu, hauna huruma? Huyu mutu amekimbia panga, weye unamukimbiza na sheria ya takataka?” Yule mama wa Djugu alikaa chini tu kwenye majani, mikono mapajani, kama mtu ambaye ameona mabaya zaidi na hana nguvu ya kushangaa tena. Mama Shefu aliifunga miti yote mzigo mmoja, akaitia kichwani mwake mwenyewe.

“Simama, ndugu yangu. Panga haikukuua, na mutoni haitakuua. Twende.”

Akapanda nayo mpaka uwanjani kwake, akaichomeka kati ya jiko na choo, pale mbuzi walipolala. Mbuzi wakahamia barazani kwangu. Na baada ya huyo walikuja wengine, ndugu za huyo na majirani za ndugu hao, hadi uwanja wake ukajaa mabashi na ukawa huwezi kupita bila kuomba njia. Alilalamika kila siku ya Mungu. Kwamba wanamalizia kuni, kwamba watoto wao wanamvutia mkia mbuzi, kwamba hajalala. Nikamwambia, basi wahamishie mutoni. Alinitazama nikatamani kurudisha maneno mdomoni. Mvua ya kwanza kubwa iliposhuka maji yalipita palepale ile miti ilipokuwa, yamebeba hadi mlango wa mtu, na mama wa Djugu alikuwa amesimama nami barazani tunaangalia. Hakuna aliyemwambia Mama Shefu kwamba alikuwa na haki. Angejivuna.

Jambo la shapeli, kanisa dogo, ndilo lililonifundisha kwamba hakuna atakayeponea sheria yake, wa juu wala wa chini.

Tulikuwa tumesikia tetesi. Patroni mmoja, tajiri mwenye depo ya bidhaa kule barabarani, alikuwa ameanza kuliuliza-uliza bonde: ni la nani, lina karatasi, mbona halina kitu. Watu wa shirika letu, ile jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa aveni, tukakutana. Katekista wetu, mtu mpole mwenye sauti nzuri, akatoa shauri, na tukaliona limetoka mbinguni. Tujenge shapeli katikati ya parsele ya maji. Patroni ana nguvu, sawa, lakini nani atathubutu kubomoa nyumba ya Mungu? Mahali pengine Bunia watu wamelinda viwanja hivyohivyo, wanaweka msalaba na mwenye pesa anageuza gari. Na Mama Shefu, Mkatoliki wa kelele kuliko sote, atafurahi. Wakati huo alikuwa Iga Barrière kwenye matanga ya ndugu yake. Tulibeba tofali tukiimba. Kuta zikafika kiunoni.

Akarudi kwa pikipiki, na kitambaa cha msiba bado kichwani. Hakupanda kwanza nyumbani kuweka mfuko. Katekista alimkimbilia huku amefungua mikono.

“Mama Shefu, tumefunga parsele kwa jina la Bwana!”

“Muliifunga kwa tofali,” akasema.

Akaizunguka ile kazi yote. Akatuuliza tumeomba? Tukasema bado. Akasema tuombe basi, na akaanzisha mwenyewe Baba Yetu, tukaitika sote mpaka Amina, tukiwa tumeshapumua. Amina ilipoisha akainama, akang'oa tofali la juu pembeni, akaliweka chini taratibu.

“Mama!” Katekista alikuwa karibu kulia. “Ni nyumba ya Bwana Yesu!”

“Bwana Yesu alitembea juu ya maji. Weye unaweza?”

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo, na hapo tukashindwa kujizuia, hata tuliokuwa na hasira. Yeye hakucheka. Alisema, na hili alilisema kwa upole ambao sikuwa nimeusikia kwake: “Mukiweka Mungu pale leo, kesho Patroni ataomba kuwa jirani yake. Nitamukataza na mudomo gani?” Tukabeba tofali zilezile kupandisha mlima, safari hii bila wimbo. Katekista hakumsalimia hadi mvua za mwaka uliofuata. Mama Shefu aliendelea kumsalimia yeye, kwa sauti kubwa, kila Jumapili, mlangoni mwa kanisa, ili watu wote wasikie anavyonyamaziwa.

Patroni naye, niseme ukweli, si shetani. Mama mkwe wangu alipozidiwa, ni gari lake lililompeleka hospitalini, na hakutaka shukrani. Ni mtu wa kucheka, anakumbuka majina ya watoto wako. Ndiyo maana ilikuwa vigumu. Mtu mbaya unamjua, unajipanga. Huyu alimwita Mama Shefu kwenye biro, ofisi ya komini, kwa heshima zote, akamwekea kiti, na mimi nilikuwepo maana Mama aliniomba nimsindikize. Goti lake lilikuwa limeanza kumsumbua. Mkubwa wa pale alitaka neno moja tu kutoka kwake. Athibitishe, kama shefu wa aveni, kwamba bonde ni nafasi ya wazi, haina mwenyewe.

“Iko na mwenyewe,” akasema.

“Nani, Mama?”

“Ikinyesha mushuke, mutamuona.”

Mkubwa alivumilia. Alieleza maendeleo, alieleza kazi kwa vijana, alisema maji yatajengewa mfereji wa kisasa. Patroni akaongeza kwamba nyumba za kwetu zitapanda bei. Mama Shefu aliwasikiliza wote, akakubali soda, akainywa yote mpaka chini. Kisha akasema hapana. Wakamwambia basi kuna watu wengine wanaoweza kuwa shefu. Akatoa kashe kwenye sidiria, alikokuwa anaifichaga, akaiweka mezani bado ina joto, yule mkubwa akaona haya kuishika.

“Kashe mukamate. Mudomo nitaenda nayo.”

Nilijivuna naye siku ile, nilimshika mkono njia nzima, na nilikuwa naogopa vilevile. Mchana nikamwuliza ataishije bila cheo. Alisema hajawahi kukila.

Shefu mpya alikuwa kijana wa kwetukwetu, nadhifu, viatu vyeusi vyenye ncha, mwenye adabu. Kila neno “ndiyo Mama, aksanti Mama”. Malori ya Patroni yakaanza kushuka. Yalimwaga udongo mwekundu ng'ambo ya mutoni, safari baada ya safari, mpaka ule utambarare ukawa mlima, na juu yake msingi, na juu ya msingi ukuta. Waliojenga ni vijana wa aveni yetu wenyewe. Kazi ni kazi, siwezi kuwalaumu. Mama Shefu alisimama kila asubuhi upande wetu, anawatazama, anahesabu malori.

Mvua ikaja. Ilianza mchana, ikaendelea. Maji yalishuka yakakuta nusu ya kitanda chao imejazwa, basi yakahamia kwetu yote. Nilipandisha cherehani mezani, vitambaa vya watu juu ya kabati, nikakaa mlangoni na ufagio kama vile ufagio unaweza kitu. Yalifika kwenye ngazi yangu, yakasimama. Kwa Mama Shefu yaliingia mlango wa nyuma yakatokea wa mbele.

Asubuhi shefu mpya hakushuka. Tulisubiri kidogo, tukaangaliana, halafu tukamwona anatoka nyumbani kwake, buti zimejaa tope, kitenge kiunoni, bila kashe yoyote. Tukasimamia maji kama siku zote. Alipita kuanzia juu, anaangalia miguu. Nami nilichomeka tete langu kwenye ngazi yangu huku machozi yananitoka, kwa sababu maji yalikuwa yamekomea pale na nyumba yangu imepona. Kisha ikabaki yake. Alishuka mpaka nyuma, akaona takataka hazikuishia pale. Akaingia ndani. Tulimsikia anasukuma viti. Akatokea kwa mbele, akatembea hadi kichochoroni, akainama akatazama majani na chupa, akasimama. Nyumba yake nzima ikawa nyuma yake, kati yake na mutoni. Akachomeka kijiti.

Ile nyumba aliijenga na marehemu mume wake, tofali walizifyatua wenyewe, watoto wake wote walizaliwa mle.

Patroni alikuwa ameshuka kuangalia ukuta wake. Akavuka kuja kwetu, amevua kofia, na nathubutu kusema alikuwa na huruma ya kweli. “Pole sana, Mama. Basi tuelewane. Nyumba yako iko ndani ya mustari, ukuta yangu iko ndani ya mustari. Weye unaacha ya yangu, siye tunaacha ya yako. Tena nitakusaidia kuinua ile nyumba.”

Watu wakaanza kunong'ona kwamba ni neno la akili. Mimi nilishindwa kujizuia. “Mama, ni ukuta yake ilisukuma maji! Nyumba yako haina kosa! Kila mutu anaona!”

“Minaona,” akasema. “Lakini wakati nilibomolesha jiko ya watu, niliulizaka kosa ni ya nani?”

“Hii ni tofauti!”

“Kila mutu aliniambiaka ya kwake ni tofauti.” Akamgeukia Patroni. “Aksanti, papa. Mimi nitatoa ya yangu leo. Ya yako nayo, utaona.” Na akaomba nyundo.

Nilimchukia siku ile. Nasema wazi. Nilishikilia ngazi wakati akina papa wanang'oa mabati, ninalia kwa hasira na kumwambia ni mpumbavu, ni mwenye kiburi, atakufa kwa kiburi, na yeye anasema, “Shika vizuri, Mama Furaha, utaniangushia watu.” Mama wa Djugu na wenzake walihamisha mabashi yao kupanda juu, kwenye kiwanja cha katekista, ambaye aliwaita mwenyewe. Jioni zilibaki kuta. Siku iliyofuata hazikubaki. Patroni alikaa ng'ambo muda mrefu, kofia mkononi, halafu akaondoka bila kuaga.

Tangu siku hiyo vijana wetu hawakurudi kwenye ule ukuta. Hakuna mkutano uliofanywa wala aliyewakataza. Asubuhi walishuka na miiko yao ya ujenzi, wakaona pale nyumba ilipokuwa, wakapanda tena. Ukuta ukabaki hivyo, urefu wa mtu, na udongo wake chini, na maji bado yana nusu ya nafasi yao. Tukabaki tunaogopa mvua.

Yeye alihamia chumba cha kupanga kule juu karibu na barabara, akauza mbuzi, na kwa muda mrefu sikumwona. Nilisikia goti limezidi. Sikumtembelea, bado nilikuwa na hasira, na nilikuwa na nyumba.

Nimemwona Jumamosi iliyopita. Ilikuwa salongo, kazi ya pamoja ya asubuhi, maduka yamefungwa, kila nyumba na jembe lake. Shefu mpya alikuwa ametupangia kuchimba mfereji wa kuongoza maji, na alituonyesha njia yake kwa kidole: ushuke hadi karibu na ukuta wa Patroni, kisha ukate kona, uuzunguke kwa mbali. Ile kona ilikuwa inapita chini ya ngazi yangu. Sote tuliliona hilo, na bado tulishika majembe, hata mimi.

Akaja anashuka polepole, jembe kama fimbo, anasimama kupumzika kila mara. Amekonda. Buti zilezile, miguu imepotea ndani yake. Alitusalimia kwa majina, akafika mbele, akatazama ile kona, akaanza kuchimba moja kwa moja, kuelekea ukutani.

Shefu mpya alimfuata kwa adabu yake. “Mama, pole. Salongo ni ya watu wa aveni. Weye si wa huku tena, ulisha kuhama.”

Hakuacha kuchimba. “Kule nilihamia, maji yake inashukaka wapi?”

Kijana akatutazama sisi, akatazama ngazi yangu, akatazama juu, kule kartye nzima ilikoezekwa mabati. Nilisogea nikasimama kando ya Mama Shefu na jembe langu, na fundi wa pikipiki akaja upande wa pili, na katekista nyuma yake. Tulichimba.

“Mama,” shefu mpya akasema baadaye, kwa sauti ndogo, “kule kuna ukuta.”

“Minaiona.”

Kijana akakaa kwenye udongo, akaanza kuvua viatu.